Treni Iliyopita Chini ya Mto

Mwezi uliopita nilimwita fundi aje kuangalia dari ya nyumba yangu hapa Makiso, maana kulikuwa na vishindo visivyoisha juu ya chumba cha kulala. Alipobandua ubao wa kwanza harufu ilishuka yote kwa pamoja, ikanikuta nimesimama chini nimeshika ngazi. Ni ile harufu kali ya kinyesi cha popo, inayochoma pua halafu inakaa kooni. Fundi akacheka. "Mama, uko na bapangaji huku juu, familia muzima!" Mimi sikucheka. Nilimwambia aendelee na kazi, nikatoka nje, nikaketi juu ya ndoo ya rangi na kulia hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Aliyefariki alifariki zamani sana, na mnaolingana nami kwa umri mtanielewa nikisema kwamba kuna misiba ambayo haizeeki. Unaizoea tu, unaendelea kuuza na kununua, unalea watoto, kisha mtu anabandua ubao mmoja.

Tulikuwa tunakaa Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto, ng'ambo ya hapa Makiso, katika nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa fundi wa treni, na treni haikuwapo. Nasema haikuwapo kwa maana ya kutembea, kwa sababu kwa macho tuliiona kila siku: kichwa kimoja cha dizeli kilichofunguliwa tumbo, na mabehewa saba yaliyosimama katikati ya majani. Hata hivyo papa alikwenda kazini kila asubuhi na ovaroli yake imepigwa pasi. Kila Jumatatu yeye na wenzake walisukuma yale mabehewa hatua kumi mbele, na Jumatatu iliyofuata waliyarudisha hatua kumi nyuma, ili magurudumu yasigande kwa kutu. Sisi watoto tulikwenda kutazama na kushangilia. Nilidhani ndivyo treni inavyofanya kazi, na kwamba papa alikuwa na nguvu kuliko watu wote. Leo nikiwakumbuka wale wanaume wazima wakisukuma chuma kisichokwenda popote, mwaka nenda mwaka rudi, natamani mtu angewaonea huruma na kuwaambia waache.

Jioni, akishakula, papa alisimulia. Alikuwa msimuliaji mzuri, na hiyo ndiyo balaa yenyewe. "Tulikuwa tunatoka Ubundu asubuhi mapema," alisema, "mabehewa yanajaa batu, bakuku, mihogo, samaki ya moshi. Na kisha? Mangaribi batu beko Makiso banakula mikate ya moto!" Hakuwahi kutaja kwamba abiria walishuka Lubunga, wakabeba mizigo yao kichwani na kuvuka mto kwa kivuko kama watu wengine wote. Kwake hilo halikuwa na maana. Kazi ya kivuko haikuwa yake, yeye alikuwa mtu wa treni.

Mimi nikabaki na swali. Treni ilivukaje? Daraja halikuwapo, na halipo hadi leo. Nilikuwa nimefuata reli kwa miguu yangu mwenyewe, nikaona inakwenda moja kwa moja hadi karibu na ukingo, inaingia kwenye majani marefu na kupotea. Upande wa pili, Makiso, watu walikuwa wanakula mikate ya moto. Basi kitu kinachofika kwenye maji hapa na kutokea kule bila kuonekana juu, kimepita chini. Nilikuwa na miaka tisa na hesabu hiyo ilinitosha. Sikumwuliza mtu, kwa sababu hakuna anayeuliza jambo analolijua.

Na nilikuwa na sababu zangu za kutaka iwe hivyo. Niliogopa maji. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilivuka na mama kwenda soko la ng'ambo katika mtumbwi uliojazwa ndizi na watu, na tulipofika katikati maji yalianza kuingia. Mama aliteka maji kwa kopo huku akiniambia niimbe. Sikuimba. Niliona mikungu ya ndizi ikielea kando yetu, nikaona mpiga kasia mmoja akivua shati lake bila haraka, na nikaelewa kwa nini anavua. Hakuna aliyekufa siku ile, lakini tangu hapo nikisimama bichi, kama tulivyoiita gati ya mitumbwi, nilirudi nyuma kila wimbi lilipogusa ukingo. Watoto wenzangu walinicheka, maana mtoto wa Lubunga anayeogopa mto ni wa kuchekwa.

Kisha mama akaanza kuumwa tumbo. Wakubwa walisema ni tumbo tu. Alikuwa anainama akichota maji, anakaa chini katikati ya kufagia, na siku moja hakuamka kwenda shambani. Papa na mdogo wake mama, Tonton Faustin, walimbeba kwenye kiti hadi bichi ili wamvushe kwenda hospitali. Kwetu mgonjwa halali hospitalini peke yake. Watu wake wanakwenda naye, wanampikia uani, wanamchotea maji, wanamfulia. Binti mkubwa ndiye anayefuatana na mama yake, na binti mkubwa nilikuwa mimi. Koko, yaani bibi yetu mzaa papa, alinifungia nguo zangu katika kitenge, sufuria ndogo ikiwa katikati.

Nilifika hadi kwenye mtumbwi. Mguu mmoja niliutia ndani, ukayumba, na nikapiga yowe. Nilishika nguzo ya kufungia kamba na hakuna aliyeweza kunibandua. Tonton Faustin alinivuta mkono. "Weye mutoto, mama yako iko mugonjwa, hauone?" Nilikuwa naona. Mama alikuwa amelala kwenye mbao, kitenge kimemfunika hadi kidevuni, ananitazama. Walinisubiri, wakaacha kunisubiri. Papa alikwenda yeye badala yangu, akaacha mabehewa yake, na kule hospitalini akawa anapika ugali uani pamoja na mabinti wa watu. Bichi nzima iliniona nikibaki.

Kwa wiki mbili nilikwenda bichi kila asubuhi. Nilikuwa natia mguu majini hadi kwenye kifundo, najikaza, nahesabu hadi ishirini, halafu narudi nyumbani. Tonton Faustin alikuwa anavuka akileta habari, na kila mara alimnong'oneza koko, kisha akatuambia mimi na mdogo wangu Nana, aliyekuwa na miaka minne, kwamba mama anasalimia. Nilitaka kwenda kwake hata nikawa siwezi kula. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeshika nguzo siku ile hakuwa mimi.

Bibiche ndiye aliyeniambia kuhusu tuneli, njia ya chini ya ardhi. Alikuwa jirani yetu, amenizidi miaka mitatu na maneno mia. Kaka zake walikuwa wanakamata popo wa kula huko nyuma ya karakana ya reli. "Iko shimo ya matofali," alisema, "inaingia chini ya reli. Inaenda, inaenda, hauone mwisho."

"Inaenda upande gani?"

"Upande ya mayi."

Nilimwuliza mara tatu, naye mara tatu akanyoosha kidole kuelekea mtoni. Nadhani nilimkumbatia.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Koko alikuwa ametwanga lituma, ile ndizi ya kuchemsha ambayo mama aliipenda kuliko chakula chochote, na nilichukua bonge moja nikalifunga kwenye jani. Sikuaga. Nilipanga kwamba nitakapofika nitamwomba papa anirudishe kwa njia hiyohiyo, na koko atakuwa hajamaliza hata kuosha vyombo. Nana aliniona nikitoka akaanza kunifuata. Nilimrudisha kwa ukali, nikamwambia njia ile si ya watoto wadogo.

Mlango ulikuwa nyuma ya karakana, chini ya tuta la reli, umefunikwa na majani na mitambaazi. Matofali yake yalipinda juu vizuri kabisa, kazi ya watu waliojua ujenzi. Mtu mzima angeinama, sisi tuliweza kusimama. Ndani palikuwa na tope jembamba, baridi, na hiyo harufu. Tulikuwa na mshumaa mmoja wa Bibiche na kiberiti. Ukutani kulikuwa na kutu iliyochuruzika kutoka juu, na mimi niliona kutu nikasema moyoni, hiyo ni ya reli, treni ilipita hapa. Jinsi treni yenye mabehewa saba ingeweza kupita mahali ambapo papa asingeweza kunyoosha mgongo, sikujiuliza. Niliitaka mno.

Tulipokwenda mbali kidogo popo wakaamka. Walitupita usoni kwa mamia, mshumaa ukazimika, na Bibiche aliyekuwa haogopi kitu alikaa chini na kujifunika kichwa. "Turudi! Mi sitaki tena! Turudi!"

"Rudi weye," nilimwambia. "Mi niko naenda kwa mama."

Akarudi. Nilisikia miguu yake ikipiga tope hadi ikapotea. Nikabaki gizani na jani langu la lituma, mkono mmoja ukutani, nikaendelea. Mpaka leo sijui ujasiri ule nilioupata gizani ulikuwa wapi siku ya mtumbwi. Nilikuwa naogopa, bila shaka, lakini ni hofu iliyoniruhusu kutembea. Baada ya muda maji yalianza kunidondokea kichwani, tone, tone, na furaha ikanijaa mwilini. Nikajua niko chini ya mto. Nilisimama, nikainua uso, nikaacha yanidondokee mdomoni. Mto wote uko juu yangu, nilifikiri, na haunifanyi kitu. Nikaanza kuongea na mama kwa sauti. Nilimwambia nafika, nimeleta lituma, nitafua, nitachota maji, papa arudi kwenye kazi yake. Nilimwambia kwamba kumbe siogopi.

Halafu nikaona mwanga. Nikakimbia, nikaanguka, nikaamka, nikakimbia tena, na mwisho wa mwanga ule nikagonga vyuma. Vilikuwa vyuma vinne vizito vilivyosimikwa kwenye saruji, na nje ya vyuma, mita mbili chini yangu, ulikuwa mto. Mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, uleule. Makiso ilikuwa ng'ambo, mbali kama ilivyokuwa siku zote, minara miwili ya kanisa kuu imesimama ukingoni. Sikuwa nimevuka popote. Nilikuwa nimetoka nyuma ya karakana hadi ukingoni kwetu, ndani ya mfereji wa kumwagia maji ya mvua mtoni, mwendo ambao kwa juu ni wa dakika chache.

Nilivitikisa vyuma. Nilivisukuma kwa mgongo, kwa miguu. Nilipokuwa nafanya hivyo nikaona mtumbwi unaondoka bichi, upande wangu wa kulia, wapiga kasia wawili wanakazana kwa sababu mawingu ya mvua yalikuwa yanakuja kutoka juu ya maporomoko ya mto. Ulipita karibu. Nilimtambua Tonton Faustin kwa shati lake la njano, na katikati ya magoti yake alikaa Nana, amevaa gauni lake la Jumapili. Niliona wivu, na ninakiri. Nilidhani wamempeleka sokoni kumnunulia viatu, na mimi niliyetembea gizani nimeachwa. Niliita. "Tonton! Nana! Niko hapa!" Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu. Nilitoa mkono katikati ya vyuma nikapunga, na mtumbwi ukaenda, ukawa mdogo, hadi nisiweze tena kutofautisha shati na maji.

Nilikaa pale mpaka mvua ilipokuja na kupita. Njaa ilinishika. Nikafungua jani, nikaila lituma ya mama yote, hata ile iliyobaki kwenye vidole.

Niliporudi nyumbani kwa njia ileile, nimelowa tope na kunuka popo, uani kulikuwa na majirani. Koko alinijia mbio nikadhani ananikumbatia, akanizaba kofi. "Ulikuwa unajificha wapi? Tumekutafuta mahali yote! Tonton yako alikuja kubabeba weye na Nana, mama yenu anaomba kubaona! Pirogi inangoja bichi, tunaita, tunaita, weye hauko!"

"Sikujificha, koko. Nilikuwa naenda kwa mama."

"Na njia gani?"

"Ile ya chini ya mto."

Majirani walitazamana. Mmoja wao, mama mmoja muuza mawese, alitikisa kichwa akasema kwa upole, "Aliogopa pirogi tena, maskini. Muache." Koko akakaa chini kwenye kigoda na kujifunika uso kwa kitenge. Nilitaka kuwaeleza kuhusu matofali na kutu na matone, lakini nilipoyapanga maneno kinywani niliyasikia jinsi yatakavyosikika, nikayaacha. Niliambiwa nikaoge.

Jioni Tonton Faustin alirudi na Nana amelala begani. Alishuka kwenye mtumbwi akiwa ameshika viatu mkononi, akaja hadi uani hivyohivyo, peku kama mtu aliyefiwa, na kabla hajasema lolote wanawake walianza kulia. Hivyo ndivyo nilivyojua. Siku ya pili mama aliletwa kwa kuvushwa, nami sikwenda bichi kumpokea. Watu waliona ni ile hofu yangu ya maji.

Bibiche hakunisaidia, maana aliogopa kupigwa kwao akikiri kwamba alinipeleka kule. Miezi michache baadaye baba yake alipata habari za dhahabu huko Bafwasende na familia nzima ikahama, sikumwona tena. Kwa hiyo hakubaki mtu aliyejua nilikokuwa. Katika ukoo wetu nikawa yule aliyeogopa mto. Walinitania kwenye harusi, kwenye ubatizo, walinitania kwa mapenzi kabisa, na nilipohamia Makiso wakasema siku hizi amepona. Nilicheka nao. Nilijaribu kumwuliza Nana alichokiona kule hospitalini, alichosikia. Hakumbuki chochote. Anakumbuka tu kwamba alikunywa soda. Yeye aliyepelekwa alikuwa mdogo mno kuweza kukumbuka, na mimi ambaye ningekumbuka kila pumzi nilikuwa nimeshika vyuma upande huu.

Papa alizeeka kwangu. Miguu ilipomkatalia nilimleta Makiso, nikamwekea kiti barazani, na huko alisimulia treni zake kwa wajukuu, mabehewa yamejaa, mikate ya moto, na abiria hawakuvuka kwa kivuko hata mara moja. Miezi kadhaa kabla hajafa aliniita nikae karibu. Watoto walikuwa shuleni. Alikuwa amejipanga kwa maneno hayo, niliona, maana alikuwa amevaa shati safi.

"Mi niko na neno moja ya kukuambia," alisema. "Nimelibeba siku mingi. Nilikuwa naogopa kukuumiza. Lakini mi niko naenda, na sipendi niende nalo."

"Sema, papa."

"Mama yako hakukukasirikia. Siku ile Faustin alifika na Nana pekee. Mama yako akatafuta na macho, akauliza, na mukubwa? Faustin akamuambia, mukubwa aliogopa mayi, alikimbia." Alinishika mkono. "Alors, mama yako akatazama Nana. Kisha akasema, bon, musimulazimishe. Iko mutoto. Ni neno yake ya mwisho ile. Hakuwa na kinyongo na weye, unasikia? Alikusamehe."

Uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu, uso wa mtu aliyetua mzigo mahali salama. Miaka yote ile alidhani ninabeba aibu ya kuogopa, na alikuwa amenitunzia dawa yake. Nilikuwa na maneno tayari. Ningeweza kumwambia kwamba saa ileile nilipokuwa natafutwa nipelekwe kwa mama, mimi nilikuwa nakwenda kwake gizani, peke yangu, bila kuogopa mto. Lakini angeniuliza nani alinifundisha kwamba kuna njia chini ya mto, na mimi ningelazimika kumjibu kwamba ni yeye, na treni zake.

"Asante, papa," nilimwambia.